RNA ya Alhamisi

Vijana wangu wa maabara,

Siku mliponiaga mlinipa kanga, saa ya ukutani na sifa nyingi kuliko ninazostahili, nami nikaahidi kwamba nikishatulia nyumbani nitaandika. Nimetulia. Kwenye sherehe ile mliona bibi mmoja mzee, amevaa koti la sufu pamoja na joto lote la ukumbini, akipita meza kwa meza akimpa kila mtu mkono. Alipofika kwangu akaficha mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Najua baadhi yenu mlidhani tuna ugomvi wa shamba. Hatuna. Jambo lile linahusu kupima RNA, kazi ambayo ninyi mnaifanya kwa mashine inayowapigia hata hesabu, na kulieleza inabidi nianze mbali kidogo.

Nianze na kupunguzwa kazi. Miaka ile ya ruksa, serikali ilipokuwa ikijivua mashirika moja baada ya jingine, sisi wa kituo cha utafiti tulikusanywa uwanjani tukasomewa majina. Langu lilisomwa vibaya, nikabaki nimesimama nikitumaini ni mtu mwingine. Kumbe ni mimi. Nilikaa nyumbani nikiuza maziwa mpaka niliposikia kwamba daktari mmoja wa mimea, kijana wa Kimeru aliyerudi kutoka masomoni, anafungua maabara binafsi Lemara, hapo Arusha. Wakati huo mabanda ya nailoni yalikuwa yanaota kila wiki kuanzia Usa River kupanda mlimani. Watu walilima maua ya kusafirisha Ulaya kwa ndege, na wanunuzi wa huko hawakutaka hata ua lenye mafua. Wakulima wakachangiana, huyo Dokta Kaaya akapanga nyumba ya kuishi watu, na maabara ikaanzia sebuleni. Mizani ilikaa pale ambapo familia nyingine ingeweka televisheni.

Siku ya kwanza sikugusa mmea. Nilipewa bilauri ya maji, sahani na pipeti, nikaambiwa nihamishe maji tone kwa tone mpaka matone yote yalingane. Aliyenipa kazi hiyo ni Mzee Mbaruku, fundi wetu mkuu, mtu wa Tanga aliyekulia kwenye maabara za mkonge na wakati huo alikuwa na nyumba yake Ngarenaro. Nilikuwa na vyeti na miaka yangu ya kazi, nikaona ananidharau. Saa nne akaja, akainama kuangalia matone yangu, akasema, "Ndeshi, hili limeshiba na hili lina njaa. Anza upya." Nilianza upya hadi chai. Nilimchukia mpaka mchana, na tangu siku ile hadi naondoka sijawahi kupata tone lenye njaa.

Kwa atakayesoma haya bila koti jeupe, niseme kidogo tulichokuwa tunatafuta. RNA ni maelekezo yaliyoandikwa ndani ya kila kitu chenye uhai. Mmea una yake, mimi nina yangu, na virusi wengi wana yao, wakiivisha koti la protini. Vipimo vyetu vya kawaida vilikuwa vinanusa koti. Lakini kuna ugonjwa wa krisanthemamu, yale maua ya makaburini na ya harusini, unaoufanya mmea udumae ukabaki mfupi na majani madogo. Unaletwa na kipande cha RNA kitupu, kisicho na koti kabisa. Huyo anapita mlangoni uchi, na askari wote wanaangalia nguo.

Hapo ndipo anapoingia Mama Mbise. Alikuwa mjane mwenye shamba juu ya Tengeru. Kahawa ilipoacha kulipa aliing'oa, kahawa iliyopandwa na marehemu mumewe, akajenga banda la nailoni na kufuga mimea mama ya krisanthemamu. Alikata vipandikizi akauzia shamba kubwa la jirani. Mashemeji zake walisema amezika jina la kaka yao chini ya nailoni, na kwamba siku maua yatakapomshinda, shamba lirudi kwa ukoo. Sasa mimea ilikuwa imeanza kudumaa. Shamba kubwa likamwambia ni ugonjwa, ateketeze banda zima. Yeye akasema ni maji, maana maji ya Meru mnayajua yanavyoyatia ukahawia meno ya watoto wetu, itakuwa majani? Tukapima kwa kunusa koti, hatukuona kitu.

"Kwa hiyo ni maji," alituambia, amesimama mlangoni na kikapu chake.

"Bado hatujui, mama," Dokta Kaaya akajibu. "Kuna mdudu ambaye kipimo hiki hakimwoni."

"Basi tafuteni kinachomwona. Mimi nikichoma na kumbe yalikuwa maji, nitamwambia nini baba yao?"

Baba yao alikuwa kaburini kando ya banda. 

Hivyo tukaingia kwenye mjadala wa njia ya kupima RNA, na niliufurahia mjadala ule kuliko harusi. Njia rahisi ilikuwa ya mwanga. Unapitisha mwanga usioonekana kwenye maji yenye RNA, unaangalia mwanga kiasi gani umemezwa, unapata kiasi. Lakini inakuambia ipo RNA nyingi tu, haikuambii ni ya nani. Ni sawa na kujua kwamba ukumbi umejaa bila kujua kama bwana harusi yumo. Mzee Mbaruku alitaka jeli. Unapitisha umeme, vipande vya RNA vinatembea ndani ya jeli, vidogo vinatangulia, na mwisho wa siku kila ukubwa umejipanga kwenye mstari wake. Aliipenda jeli kwa sababu unaona kwa macho. Dokta Kaaya alitaka mashine mpya ya kunakili, inayochukua kipande kimoja na kukizidisha hadi kionekane, na alikuwa ameshaomba wafadhili wakaileta. Ilikaa mezani chini ya kitambaa cha kufuma, alichokileta mkewe.

Aliyeamua kati yao ni mgao wa umeme. Mashine ya kunakili ilizimika katikati ya kazi mara mbili, na dawa zake zikaharibika ndani ya friza iliyogeuka kabati. Jeli ilitaka siku nzima ya umeme, na siku nzima ya umeme ilikuwa sikukuu. Mimi ndiye niliyependekeza njia ya madoa, ambayo nilikuwa nimeisoma tu. Unatoa RNA kwenye jani, unadondosha tone kwenye kitambaa cha nailoni, linakaukia pale. Kisha unamwaga kinasa, uzi ulioandikwa kinyume cha RNA unayoitafuta, kinachoshika hiyo tu. Ukiosha, palipo na ugonjwa panabaki doa jeusi. Ukilizimua tone mara kadhaa na bado doa linaonekana, basi ugonjwa ni mwingi. Tone likishakauka, umeme ukitaka uende hadi Dodoma urudi.

"Kazi ya kudondosha matone," Mzee Mbaruku akasema, akinitazama. Nikamwambia ninamfahamu mtu mmoja aliyenifundisha. Akacheka mpaka akavua miwani.

RNA ni kitu dhaifu ajabu. Kuna kimeng'enya kinachoila, kiko kwenye jasho, kwenye vumbi, kwenye mate, na hakifi kwa kuchemshwa. Vyombo vya kioo lazima vikaangwe kwenye oveni kali kwa saa kadhaa. Oveni yetu ilikuwa imeungua siku umeme uliporudi na hasira. Mzee Mbaruku akafunga chupa zetu kwenye karatasi ya fedha, akazipeleka Ngarenaro kwa rafiki yake mwoka mikate, mwenye tanuri la kuni lisilojua mgao. Zikawa zinaingia mikate ikishatoka. Kwa hiyo vijana, nilipojibu siku ya sherehe kwamba chombo nilichokipenda kuliko vyote ni tanuri la mikate, sikuwa natania. Chupa zetu zilikuwa safi kuliko za Ulaya, na zilinukia iliki.

Glovu zilikuwa haba, tukawa tunazifua na kuzianika kwenye kamba nyuma ya nyumba. Majirani walidhani tunakamua ng'ombe.

Tukaanza. Sampuli za shamba kubwa zililetwa Jumatatu na dereva, aliyeacha boksi la barafu kibarazani akaondoka bila kuzima gari. Baadhi zilitoa madoa meusi, nyingine hapana. Za Mama Mbise zilikuja Alhamisi, na alizileta mwenyewe, kwa sababu alisema mgonjwa hapelekwi hospitali na dereva. Kitambaa chake kikatoka cheupe. Wiki iliyofuata, cheupe. Dokta Kaaya akafurahi, akasema hatimaye tuna jibu, mama yuko salama, ni maji. Alikuwa ameanza kuulizia bei ya tangi la kuvunia mvua kwa niaba yake.

Mimi sikufurahi, na sikujua kwa nini. Niliketi na kile kitambaa nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Weupe wake ulinikera. Kwenye vitambaa vya Jumatatu hata jani zima lisilo na ugonjwa liliacha kivuli kidogo cha kijivu, kama sahani iliyopanguswa bila sabuni. Vya Alhamisi havikuwa na hata kivuli. Nikamwomba Mzee Mbaruku anipigie jeli siku ya kwanza itakayokuwa na umeme, Jumatatu na Alhamisi bega kwa bega, tuangalie RNA ya mmea wenyewe.

Siku hiyo ilipofika tuliinama wote juu ya jeli iliyowekwa kwenye taa. RNA ya Jumatatu ilikuwa na mistari miwili iliyonyooka, kama ile ya mmea mzima inayochorwa vitabuni. Ya Alhamisi ilikuwa ukungu tu, umetelemkia chini kama uji uliomwagika.

"Imeliwa," akasema Mzee Mbaruku.

Basi vile vitambaa vyeupe havikuwa vimesema kwamba hakuna ugonjwa. Havikuwa vimesema lolote. Kama kuna jambo moja ninalotaka mlibebe katika haya yote, ni hilo. Unapochagua kipimo usiulize tu kama kinaona vizuri. Uliza kama kinaweza kukuambia kwamba kimepofuka. Fikirini, tungemwambia yule mama anunue tangi, na yeye aendelee kukata na kuuza vipandikizi kwa nusu ya mlima.

Lakini nani aliyeila? Nilianza kwa kushuku barafu yake, kisha umbali, kisha hata hayo maji ya Meru. Mwishowe nikachuma mchicha nyuma ya nyumba yetu, nikaupima Jumatano: mistari miwili, mizuri. Nikauchuma tena kwenye shina lilelile Alhamisi, nikatoa RNA yake pamoja na ya maua ya Mama Mbise, nikaihifadhi nikisubiri umeme. Ulipokuja, mchicha nao ulikuwa uji. Mchicha haujui kalenda na haukutoka Tengeru. Kumbe ugonjwa ulikuwa wa Alhamisi yenyewe, humu ndani, na hapo nikashikwa na udadisi wa kweli, ule unaokufanya usahau kula.

Alhamisi iliyofuata nilivaa glovu lakini sikuanza kazi. Nilikaa kwenye kigoda kando ya sinki nikaangalia mikono ya watu.

Mama Mbise akaingia. Dokta Kaaya, ambaye kwa ukoo wao alimhesabu mama mkubwa, akavua glovu, akampa mkono, akainama. "Shikamoo mama." Mzee Mbaruku akavua glovu, akampa mkono, na mnajua watu wa Tanga, mkono hauachiwi mpaka habari zimalizike: za nyumbani, za watoto, za mvua, za mguu ule uliokuwa unauma. Mama akaja kwangu, nami, bila kufikiri, nikavua glovu nikampa mkono. "Marahaba mwanangu." Kisha sote watatu tukazivaa tena glovu zilezile, tukizivuta upande wa nje kwa vidole vyenye jasho la salamu, tukaenda moja kwa moja kwenye chupa zilizotoka kwenye tanuri. Dereva wa Jumatatu hakuna aliyewahi kumpa mkono. Sampuli zake zilipona kwa kukosa adabu.

Niliwaeleza alipoondoka. 

"Unataka nimpe mtu mzima mkono wenye glovu?" Mzee Mbaruku akauliza. "Kama ananuka?"

"Sisemi umpe wenye glovu. Nasema tusimpe."

"Hilo ni baya zaidi."

"Tuvae mpya baada ya kumsalimia," nikasema.

"Mpya zipi?" akauliza Dokta, na sote tukatazama kamba ya nguo dirishani.

"Hata mimi siwezi," Dokta akaendelea. "Ikifika kwa wajomba kwamba nimemnyima mkono, sitaingia kwenye msiba wowote wa ukoo."

Tukakubaliana kwamba wao watamsalimia kama kawaida, kisha wakae mbali na meza. Mtu mmoja tu atakayefanya kazi yake hatampa mkono. Mtu huyo, bila kura, nikawa mimi.

Usiku wa kuamkia Alhamisi iliyofuata sikulala vizuri. Alikuja, akasalimiwa, akafika kwangu na mkono umeshanyooshwa. Mimi nilikuwa nimesimama na mikono imeinuliwa kifuani, glovu safi, sigusi chochote. "Shikamoo mama," nikasema. "Leo naomba nikusalimie kwa mdomo."

Mkono wake ulibaki hewani. Sitasahau ulivyobaki. Ulikuwa mkono wenye rangi ya utomvu kwenye kucha.

"Kwani nimekosa nini?"

"Hujakosa, mama. Nikikushika, kipimo kinakufa. Ndiyo maana siku zote hatuoni kitu."

"Mkono wangu ndio unaoua?"

"Na wangu. Wa mtu yeyote. Ni jasho."

 Nilidhani ataondoka na kikapu chake, na ningemwelewa. Kisha akaurudisha mkono taratibu, akauweka nyuma ya mgongo, na wa pili akaufuatisha, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. "Haya," akasema. "Fanya, nione."

Akaketi kwenye benchi la kibarazani mpaka tone la mwisho lilipokauka.

Kitambaa kilitoka na madoa meusi kama masizi ya sufuria. Nilizimua, bado meusi. Nikazimua tena, bado. Nilijua sasa, na kujua hakukunifurahisha hata kidogo. Lakini kwenye pembe moja kulikuwa na matone yaliyobaki meupe. Safari hii nilikuwa nimeongeza kitambaa cha pili chenye kinasa cha RNA ya mmea wenyewe, ili kipimo kiniambie kama kimepofuka, na kwenye kitambaa hicho matone yaleyale yalikuwa meusi tii. RNA ilikuwa hai, na ugonjwa haukuwemo.

Nilipanda Tengeru mwenyewe kumwambia. Mashemeji wawili walikuwa wameketi kwenye uzio, hawakuwa na kazi nyingine siku hiyo. Nikamwambia banda karibu lote lichomwe, udongo upumzike, na visu visiishie kuchovywa kwenye spiriti, kwa sababu mdudu huyu husafiri kwa kisu na spiriti anaioga, bali vilowekwe kwenye jiki. Hakulia. Aliuliza tu ni yapi yaliyopona. Nikamwonyesha kwenye mchoro: mstari mmoja karibu na mlango.

Akacheka kwa pumzi. Mstari ule ulikuwa mahali paliposimama mibuni bora ya mumewe. Tangu aupande hakuwahi kumruhusu kibarua auguse. Aliukata mwenyewe, kwa kisu cha marehemu cha kupogolea kahawa, na kisu hicho hakikukata kitu kingine. Shamba kubwa liliwahi kumcheka kwa hilo.

Shemeji mmoja akashuka kwenye uzio. "Na hayo mna uhakika gani? Mara ya kwanza mlisema yote mazima."

Lilikuwa swali zuri, na nilimheshimu kwa kuliuliza. Kabla sijafungua mdomo, Mama Mbise akamjibu.

"Haya ameyapima bila kunisalimia."

Tuliyachoma mengine jioni ile, moshi ukapanda kwenye migomba. Mstari ule mmoja ukazaa banda lote jipya, na miaka iliyofuata mabanda mengine. Shamba halikurudi kwa ukoo. Mzee Mbaruku hakuishi kuiona mashine yenu ya sasa. Ningependa kuona angeitafutia jina gani. Mwoka mikate amefunga, mwanawe anauza simu palepale.

Mama Mbise aliendelea kuleta sampuli zake kila Alhamisi, hata glovu zilipokuwa nyingi za kutupa. Alimpa kila mtu mkono, na akifika kwangu aliweka mikono nyuma. Ilianza kuwa desturi, kisha utani, kisha ikawa ndiyo salamu yetu. Sikuwahi kumshika mkono tena katika maabara ile.

Ndiyo mliyoyaona siku ya sherehe. Mlikuwa mbali na muziki ulikuwa juu, kwa hiyo hamkusikia. Alisimama mbele yangu, mikono nyuma, akasema, "Sikushiki, una kazi."

Nikamwambia, "Nimestaafu, mama."

 Kisha akaitoa mikono yote miwili, akaishika yangu, na hakuiachia mpaka keki ilipokatwa.